Wateja wa Apolonia

Kengele ililia, mlio mdogo kama wa kijiko kikigonga kikombe. Sauti ya dada yake ikaitikia kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, karibu mteja." Didas alizisikia zote mbili akiwa bado koridoni, begi la safari ya Mbeya likiwa begani.

Alipoingia chumbani alimkuta ameegemea mito kitandani, simu mkononi. Apolonia aliuza vitunguu sokoni Mlandege mpaka moyo ulipovimba na miguu ikakataa. Didas, aliyepanga chumba mtaa wa Soweto, Mbeya, akisomea kompyuta, ndiye aliyemwekea mchezo wa mtandaoni: dunia ya mapanga na mazimwi, ambamo watu wa nchi nyingi hupigana na majeruhi hununua majani ya dawa. Apolonia akafungua meza ya majani.

Hakuuza. Soko lile lilijaa roboti, wachezaji wasio watu, programu zinazochuma mchana na usiku bila kuchoka na kumwaga majani sokoni kwa bei ya kutupa. Nani angeijali meza ya mgonjwa wa Iringa? Apolonia akaanza kurudisha sahani za chakula zikiwa zimejaa. Hasira ikamkaba Didas. Akatengeneza roboti zake mwenyewe, akazipa majina ya watu, akazituma zinunue kwa dada yake. Kengele ya mauzo ikaanza kulia. Apolonia akaanza kula.

"Njoo uone, mdogo wangu," alimwambia sasa.

Kwenye kioo cha simu, kando ya meza, kulikuwa na lundo la kijani.

"Hizo ni nyongeza. Kila anayenunua namwekea fungu la bure pale chini aokote. Hawaokoti."

"Labda hawajui desturi zetu, dada."

"Cha bure kinataka desturi gani? Hata padri wetu haachi nyongeza ya vitunguu."

Didas alicheka, kicheko kikakatika. Aliziamuru roboti zinunue, zilipe, ziondoke. Hakukumbuka kuzifundisha kupokea zawadi.

"Na salamu hawajibu. Huyu Kalinga nilidhani ni bubu, masikini. Nikawa namwombea kwa jina." Akamtazama usoni. "Ni wako, eh?"

"Ni wangu, dada."

"Kalinga tu?"

"Wote."

Apolonia hakupaza sauti. "Wazime."

Didas akatoa kompyuta kwenye begi, akaiweka ukingoni mwa kitanda, akazizima moja baada ya nyingine. Kwenye simu Kalinga alitoweka akiwa ameinua mguu kuja mezani. Pembe ile ya soko ikabaki na meza ya Apolonia na lile lundo.

Apolonia akailaza simu kifudifudi.

"Wiki ile daktari alikuita pembeni. Ukarudi ukaniambia nitapona, nitauza tena vitunguu. Hiyo nayo uliitengeneza Soweto?"

Chuoni hakuna aliyemshinda Didas kwa maneno. Hapa aliifunga kompyuta, akaisogeza kando.

"Nina mtoto wa kumtafutia pa kukaa nisipokuwepo," Apolonia alisema. "Nitapangaje na wewe unanichezea?"

Didas alipiga magoti sakafuni, akaishika miguu ya dada yake iliyovimba, baridi kama udongo wa asubuhi.

"Hutarudi sokoni, dada," alisema. "Ndivyo alivyosema. Na kuanzia leo kila atakachosema daktari nitakwambia vilevile, neno kwa neno, hata kama nitakuwa nalia."