Kijiko cha Fedha Tupu

Tangu mumewe afariki, Enid Oldroyd, sonara wa mji wa Sheffield, Uingereza, hakuwa akizungumza na mtu ila mwenye bucha. Sasa alikuwa amesimama mbele ya darasa la watoto wa miaka saba, kwa kuwa Mwalimu Thwaite alimwomba aje naye hakupata kisingizio upesi.

Alitoa vijiko viwili mkobani.

"Hiki ni fedha tupu. Mume wangu alinitengenezea tulipooana. Pokezaneni."

"Na hicho kingine?" aliuliza Gillian, wa dawati la mbele.

"Hiki ni sterling. Katika sehemu elfu moja, mia tisa ishirini na tano ni fedha. Zilizobaki ni shaba nyekundu."

"Kumbe feki!"

"Feki mwenyewe. Fedha ikiwa peke yake ni laini, kazi haiiwezi. Shaba ndiyo inayoitia mgongo."

Akawaonyesha kwenye mpini simba mdogo anayetembea, muhuri wa wakaguzi: kijiko kisicho na simba huyo kisijiite sterling.

"Anakula nini?" aliuliza Desmond.

"Hali. Ndiyo maana hakui."

Desmond akaridhika.

Kijiko cha fedha tupu kilirudi kimejikunja kama konokono. Mwalimu Thwaite akaiva uso.

"Nani kafanya hivi?"

Mikono yote ikapanda, hata ya mtoto ambaye kijiko hakijamfikia.

Enid alikigeuzageuza kiganjani. Ambrose, mumewe, alikuwa ameapa kuwa shaba haitagusa zawadi ya mkewe. "Kitakunjika," Enid alimwambia siku ya harusi, mbele ya wakwe. Mwanamume hakusikia, na kijiko kikakaa kabatini miaka yote bila kuonja supu.

Kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akashika meza. Kisha machozi.

"Tumekuliza, bibi?" Gillian alinong'ona.

"Hapana, mwanangu. Nilimwambia tu, akabisha."

"Niletee nikinyooshe," alisema Mwalimu Thwaite.

"Kiache. Kimepata kazi leo."

Akajipangusa uso kwa kitambaa cha kung'arishia vyombo, kikamwachia baka jeusi shavuni. Hakuna aliyemwambia.

Mchana watoto walimvuta mpaka bwaloni, wakamkalisha katikati yao. Desmond alimsogezea sahani na kumwonya kwa sauti ya chini asiiguse kabichi.

Hakuigusa.