Anayevaa Viatu

Mimi ni fundi fremu. Nyumba ya nyaraka ilinipa kazi ya kuzitia vioo picha za ule mgomo wa kiwandani, wazitundike kwenye maonyesho. Kwenye ya nne niliweka kioo chini. Wanaume wamekaa chini, peku, askari wamewasimamia, na mwanamke amewanyooshea kidole.

Mwanamke huyo ni mama yangu.

Mtunza nyaraka alikuwa ameandika chini yake: "Mwanamke akiwaonyesha askari wagomaji."

Wanaume waliochukuliwa siku ile hawakurudi makwao. Mmoja ni kaka yake Kipara, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Jioni nyumbani nilifunga mlango, nikamuuliza mama.

"Nilikuwa namwonyesha baba yako," akasema. "Niliwaambia huyu si wa kiwandani, ni fundi viatu, kapita tu. Wakamwachia."

"Na wengine?"

"Nani angenisikiliza habari za wengine?"

Asubuhi nikamwendea mtunza nyaraka. "Dada, maneno yako haya yatamuua mama yangu."

"Kaka, mimi naandika ninachokiona."

"Umeona kidole. Hukusikia alichosema."

Akavua miwani. "Nikiandika alichosema, nimeandika maneno ya mwanawe. Nikiacha wazi, watu watajijazia wenyewe." Akafikiri. Akatoa picha nyingine kwenye bahasha. "Basi tutundike hii. Mama hayumo. Ile itabaki ndani."

Mama hakuwamo kweli. Baba alikuwamo, kainama, anavaa viatu, wenzake bado wamekaa chini. Akaandika: "Mmoja akiachiwa."

Niliitia kioo bila kumwambia kuwa yule ni baba. Baba alikufa kabla hatujahamia jirani na Kipara, na marehemu havunjiwi madirisha.

Siku ya kufungua maonyesho, mama aling'ang'ania kuja. Kipara alinipokea mlangoni kwa kicheko. "Fundi! Shati limenyooka hivyo, unaoa tena?" Nikacheka naye.

Alipofika kwenye ile picha, kicheko kikakatika. Akamgusa kaka yake juu ya kioo. Kidole kikahamia kwa baba.

"Wote peku. Huyu mmoja kawapa nini hata avae viatu?" Watu wakasogea. "Fundi, hebu njoo. Mbona sura ni yako?"

Nikamtazama mtunza nyaraka. Yeye akatazama karatasi zake. Neno "simjui" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ningelisema, na baba angekuwa msaliti asiye na jina ukutani, hadi mtu mwingine amtambue.

Mama akanisukuma kwa kiwiko.

"Ni mume wangu, jirani. Hakutoa kitu. Niliyekwenda kwa askari ni mimi, nikamwombea yeye peke yake. Picha yangu ipo, wameificha kwa sababu ya huyu mwanangu mwoga. Mwambie binti akuletee."

 Kipara hakumtazama mama, alimtazama mtunza nyaraka.

"Ilete."

Mtunza nyaraka akaingia ndani. Nikamshika mama mkono. Kipara akasogea akasimama kati yetu na mlango wa kutokea, akakunja mikono kifuani, akangoja.