Chupa Mbili Bila Jina

...kulia au kushoto, kushoto au kulia, nilizishika vipi kabla ya kuzifuta, mimi huwa naanza na mkono gani, mtu mwenye akili zake anafutaje chupa kwa pamba yenye asetoni wakati majina yameandikwa kwa wino, hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanajua asetoni inauramba wino wote, na mimi ndiye ninayewafokea wakisahau, leo nimefuta kwa sababu zilikuwa zinanata na nilitaka zipendeze, zipendeze kwa nani sasa... "Binti, ya majani ni ipi?" Profesa amesimama mlangoni, funguo za gari zinalia mkononi, akiwa hayupo tunamwita Mzee Chapchap, "ipi ya majani, na ipi uliyotengeneza wewe?" naam, Profesa, nazitazama tu, zote mbili nzito kama asali, zote zinanuka soksi, mume wangu kila jioni ananiambia nikaoge kwanza, moja nimeitoa kwenye vinyweleo vya nyanya mwitu, jani baada ya jani, nalichovya kwenye spiriti na kulitoa upesi kabla halijaachia ukijani wake, nyingine nimeiunda humu humu ndani kwa sukari ya kawaida na asidi, kipande kwa kipande, mpaka mashine ya kupimia ikachora mstari uleule wa ile ya majani, uleule kabisa, nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu, na sasa mashine hiyo hiyo hainisaidii kitu, nikiiuliza itaniambia ni kitu kimoja, si ndicho nilichokitaka, basi nalilia nini... kama ni kitu kimoja nimpe yoyote, nyoosha kidole, sema hii, nani atajua, lakini kama ni kitu kimoja kwa nini tunakwenda kuzijaribu kwa inzi weupe, tunajaribu kwa kuwa hatuna hakika, na nikibahatisha hatutajua kamwe ipi imewaua na ipi imewaacha wanatembea, ngoja, nichanganyikiwe polepole... nyanya mwitu zenyewe zimeshang'olewa, banda nililozioteshea kapewa mtu wa pilipili, kusema sijui ni kupanda upya, kumwagilia upya, msimu mzima, na mama huko shambani inzi hao hao wanammalizia nyanya zake, kila akipiga simu, "dawa yako imefika wapi, mwanangu?" na mimi inakaribia, mama, inakaribia... "Binti, unanisikia? Wale wa maabara ya inzi wanasubiri." nakusikia, Profesa, ya kulia, mdomo unataka kusema ya kulia, ni neno dogo tu, litapita, na mama naye hataniuliza kulia wala kushoto, atajaza bomba lake, atalibeba mgongoni, atapuliza shamba zima bila wasiwasi wowote, kwa sababu dawa kaitengeneza binti yake, Mungu wangu, hatauliza chochote... hapo naona aibu, naogopa, wala si Profesa ninayemwogopa, chupa bado ziko mikononi, yeye bado yuko mlangoni na funguo zake, na mimi bado sijui ipi ni ipi, sijui, naliviringisha neno hilo mdomoni, chungu kweli, ila najua sasa kwamba ndilo litakalotoka, sijui, Profesa, nimezifuta majina mwenyewe, tupande tena.