Neno la Mikidadi na Pumzi ya Mwanaima

Bi Mwamina alikuwa uani kwake Likunja, anapeta ufuta, pumzi ya binti yake ilipofika peke yake. Ilikuwa alasiri isiyo na upepo, lakini makapi yalipeperuka kuelekea mlangoni. Bi Mwamina akaweka ungo chini, akasikiliza. Tangu utotoni Mwanaima alipumua kwa mluzi mdogo puani. Mluzi ulikuwa pale, ila ulikuja kwa kuchelewa, kama wa mtu anayesahau kuvuta pumzi ya pili.

"Umerudi, mwanangu?" akauliza, akaingia ndani kutandika mkeka, maana aliyetoka safari hukaribishwa.

Utingo wa lori la Nachingwea alieleza baadaye kwamba pumzi ilipanda pamoja na abiria, ikakaa juu ya magunia, wala haikumsumbua mtu.

Huo ndio mwaka matrekta yalipokuwa yaking'oa pori la Nachingwea. Mwanaima alikuwa amepelekwa hospitali ya huko na mumewe, Mikidadi, kwa sababu ya utumbo uliojisokota. Walipofika Ruangwa maumivu yalimzidi, na dresa, mfunga vidonda wa zahanati, akamchoma sindano ya mofini ili aweze kuistahimili barabara. Mwanaima alitulia. Alimkumbusha mumewe kwamba mbuzi hawajafungwa.

"Ukifika, waambie nimeshamchoma," dresa alimwambia Mikidadi.

Mikidadi alilibeba neno hilo njia nzima. Kwenye lango la hospitali, jengo la mabati ambalo leo halipo, wahudumu waliipokea machela.

"Bwana, nina neno la kumwambia mganga," alimwambia mlinzi, Kornel. "Mke wangu huyu..."

"Mganga ana kazi. Subiri pale nje."

Hakuna aliyetoka kumwuliza mgonjwa amepewa nini. Ndani akachomwa mofini nyingine, kisha akapewa nusu kaputi, na utumbo ukanyooshwa. Baadaye alilazwa wodini. Nesi Lusiana, aliyepaswa kukaa kitandani pake, aliitwa akamfunge bandeji mzungu wa trekta aliyejikata kidole. Aliporudi, pumzi ilikuwa imeshaondoka.

Kesho yake Mikidadi alifika Likunja na mwili. Wazee walijadiliana kidogo. Shehe Shaban alisema mwili una haki yake ya kuzikwa, na pumzi isinyimwe nyumba yake. Wakamzika. Biasha, mtoto wao, akawa analala ubavuni mwa pumzi, na alilala vizuri.

Mikidadi ndiye aliyekosa usingizi. Kila pumzi ilipochelewa aliita, "Mwanaima!" nayo ikavuta tena. Aliogopa kwenda shamba akaiacha. Mvua zikaanza, watu wakapanda, shamba lake likabaki na mabua ya mtama wa mwaka jana.

"Baba Biasha, utaita mpaka lini?" Bi Mwamina alimwuliza.

"Sijui, mama. Nikinyamaza, je?"

Baada ya arobaini Mikidadi aliipeleka pumzi hospitali, na safari hii aliruhusiwa kuingia. Bwana mganga aliweka chombo chake cha kusikilizia mbele ya kiti kilichoonekana kitupu, akasikiliza kwa makini, akaitazama saa yake.

"Inakwenda polepole mno," alisema. "Dawa ilimzidi. Alikuwa amechomwa kabla?"

"Ruangwa. Mofini."

"Mbona hukusema?"

"Niliambiwa nisubiri nje."

Bwana mganga alikunja chombo chake. Alieleza kwamba mofini ni dawa nzuri, huondoa maumivu, ila hupunguza pumzi. Mgonjwa lazima aulizwe kwanza amepewa nini, kisha asiachwe peke yake mpaka aamke kabisa. Aliyasema hayo kwa upole, kana kwamba Mikidadi ndiye aliyehitaji kufundishwa. Kisha akasema mshono wa Mwanaima ulikuwa mzuri sana.

Nesi Lusiana alikuwa amesimama mlangoni.

"Niliitwa, kaka," alisema.

"Najua, dada."

Mikidadi alipotoka alikuta machela nyingine langoni. Juu yake alilala mwanamume wa Naipingo, amefumba macho, na mkewe, Dionisia, amemshika mkono.

"Bwana, huyu asubuhi..." Dionisia alianza.

"Subiri pale nje," Kornel alisema.

Mikidadi akamsogelea. "Bwana Kornel, msikilize. Ana neno."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi wewe umeshahudumiwa. Nenda nyumbani."

Wahudumu wakambandua Dionisia mkono, taratibu, bila ubaya, wakapita na machela. Kornel akafunga lango. Dionisia alisimama pale pale, akalimaliza neno lake mbele ya mabati.

"Amekwisha chomwa sindano," akaliambia lango. "Asubuhi. Naipingo."