Siku Evaline Alipojifungia Bafuni

Kwanza nilisikia maji. Bomba lilikuwa limefunguliwa lote, linavuma nyuma ya mlango wa bafuni, na ndani ya mvumo huo mtu alikuwa anasugua nguo kwa hasira.

"Evaline, unafua saa hizi? Shule je?"

"Ondoka, kaka."

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa wawili tu katika chumba chetu cha ghorofa ya tisa, mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, katikati ya marobota ya jinzi za kupeleka Moshi. Mama alikwenda Hong Kong kutafuta viza mpya. Siku tatu, alisema. Hii ilikuwa ya kumi na moja. Jana mchana alinipigia simu: wamemnyima. Mwaka ule wa Olimpiki walinyimwa wengi. Jumamosi angepanda ndege kurudi nyumbani Moshi, bila kupita Guangzhou. Evaline sikuwa nimemwambia.

"Unaumwa?"

Maji yakafungwa.

"Kuna damu," alisema. "Namtaka mama."

Mimi si mtu wa kukosa maneno. Nimeshawahi kubishana na wenye maduka watatu wa soko la nguo la Zhanxi kwa mpigo, wakanyamaza wao. Pale mlangoni nilichofanya ni kutoa simu mfukoni. Kwetu jambo hili ni la mama na mashangazi. Kaka husikia baadaye, au hasikii kabisa.

Nikampigia Adhiambo, Mkenya aliyekuwa akisuka nywele ghorofa ya pili ya jengo letu.

"Kupanda siwezi, Kasmir. Polisi wako kwa lifti na kwa ngazi wanaangalia pasipoti, na viza yangu unajua iliisha kitambo."

"Sasa mimi nifanye nini, dada?"

"Nunua pedi. Ni pedi, si bunduki, wacha kutetemeka! Na umwambie hajaumia. Amekuwa mkubwa, ni hivyo tu."

Nilishuka kwa ngazi. Polisi aliigeuzageuza pasipoti yangu, akaiinua kwenye taa, akanirudishia bila kunitazama. Dukani nilionyesha kwa kidole. Muuzaji akawaita wenzake waje kuniona, jitu zima na pakiti ya rangi ya waridi mkononi, wakacheka hadi wakashikana mabega. Siku nyingine ningewasha moto. Nililipa, nikaondoka.

Evaline alifungua mlango kidogo tu. Mkono wenye povu hadi kwenye kiwiko ukaichukua pakiti.

"Dada Adhiambo anasema hujaumia. Umekuwa..."

"Najua! Shuleni tulifundishwa." Akaurudisha mlango. "Umemwambia mama?"

"Bado."

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwangu. Alikuwa mama. Nikaiacha iite hadi ikakata.

"Usimwambie, kaka. Nataka nimwambie mwenyewe akirudi, amekaa hapo kitandani. Si kwenye simu. Niapie."

Nikaegemeza paji la uso kwenye mlango. Ilikuwa Alhamisi; ndege ya mama ilikuwa keshokutwa.

"Naapa, Evaline. Sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, amekaa hapa kitandani."