Hukuhifadhi, Umevundika

Friji la Farida lilikuwa jipya, lakini matango yaliingia kijani na siku ya nne yakatoka ya njano, mchicha nao ukiwa hoi. Kilichomuudhi zaidi ni jirani yake hapo Kagondo, Bibi Kokwijuka. Kwake hata umeme haujafika, na bado nyanya chungu zake zilimaliza wiki mbili zikiwa ngumu kama mawe.

Asubuhi moja uzalendo ukamshinda, akaenda kuuliza.

Bibi alifunua kitambaa kilicholowa. Chini yake palikuwa na chungu ndani ya chungu kikubwa, na kati ya vyungu hivyo mchanga uliomwagiwa maji. Nyanya chungu zilipangwa moja moja, hakuna iliyogusa mwenzake.

"Na wewe unaweka nini humo kwenye friji?"

"Matango, mchicha, na ndizi mbivu za watoto."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Waitu, mwanangu! Marehemu mume wangu akitaka ndizi za pombe ziive haraka, alizifukia shimoni pamoja na mbivu chache. Wewe hukuhifadhi mboga. Umezivundika!"

Farida, ambaye pombe hajaionja maishani, alimtazama bibi yule aliyejua siri ya friji bila kulimiliki, akajikuta naye anacheka.

Alizitoa ndizi frijini, na siku kumi baadaye alirudi na tango moja, bado kijani kibichi. Bibi alilibonyeza, akalinusa. Kisha akazisogeza nyanya chungu zake, akalipa nafasi chunguni.