Stima ya Sabira

"Basi niambie, yang'oa nanga saa ngapi?" Sugrabai alimfokea mkwewe kwenye baraza ya hospitali. "Sanduku limefungwa, achari imo, nawe wabishana tu!"

"Mama, si stima ya baharini," Abdeali alisema tena. "Ni stima ya taa. Daktari atampitishia kichwani."

"Na mbona asema itamrudisha? Kitu hurudishaje mtu bila kumchukua?"

Joab, dresa aliyehudumia wagonjwa wodini, aliinama kuficha kicheko. Kwa Sugrabai, stima ilikuwa meli ya moshi iliyomleta kutoka Bombay akiwa bibi harusi. Walipoingia wodini, Sugrabai akalisukuma sanduku chini ya kitanda cha bintiye, Sabira.

Sabira hakumwangalia mtu. Tangu azikwe mwanawe, alilishwa kwa kushikwa kidevu. Abdeali, mumewe, alikuwa amekataza jina la mtoto lisitajwe nyumbani.

Joab akamwekea kipande cha mpira menoni asijing'ate ulimi. Mtambo wa stima ukanguruma, mwili ukakakamaa, ukatetemeka, ukatulia. Honi ya meli ikalia chini ya kitanda. Sabira alipofumbua macho, alikuwa na chumvi nywelini na masizi vidoleni, akaomba chai. Joab akapiga deki maji ya bahari, kama alivyowafanyia wagonjwa wengine.

Kila stima ilimrudisha akiwa mtu zaidi. Sugrabai alimtazama akila, machozi yakamtoka kwa mshangao wa neema ile.

"Mama, achari yako wameimaliza mabaharia," Sabira alisema. Chupa ilikuwa tupu kweli.

Stima ya mwisho ilimrudisha na kofia ndogo ya uzi, imelowa. Alifika nayo nyumbani, mtaa wa Kuze, ghorofani juu ya duka, akiigeuzageuza.

"Hii ya nani?"

"Ya abiria mwenzako," Abdeali alijibu upesi. Akamvuta Sugrabai ngazini. "Kasahau, mama. Shukuru Mungu. Ukimtajia, ataugua tena."

Sugrabai alichungulia. Bintiye alikuwa akiinusa kofia, kama mtu anayebisha mlango asioujua.

"Wataka ashuke yeye, mzigo wake ubaki forodhani," alisema, akaingia chumbani papo hapo.

"Ni ya mwanao, Sabira. Aliitwa Taher. Alikuwa akicheka akisikia adhana."

Chini, Abdeali alifungua duka, akamwambia mteja wa kwanza kwamba nyumba ile haikupata kuwa na mtoto.

Juu, Sabira alilia mpaka kofia ikalowa upya. Kisha akaomba mkate.